Ukurasa Mmoja wa Salamu

Kazi yangu ni ualimu, lakini Jumamosi najitolea kwenye shirika la misaada linalopeleka barua kwa watu waliokwama vitani nje ya nchi. Masharti ni mawili: ukurasa mmoja, na habari za familia tu. Barua husomwa na wenye bunduki wa pande zote. Ukilaumu upande mmoja, hata kwa neno moja, mlango unafungwa kwa barua zote. Wanaosema shirika ni la waoga kwa kutochagua upande wananikera. Waende wao wakapige hodi kwenye magereza ya wapiganaji.

Mama mmoja wa Ikungi alikuwa na mwana dereva wa lori, aliyekamatwa na wapiganaji Kongo akiwa amebeba mafuta ya alizeti. Shirika lilimwona, yuko hai. Nilikwenda na fomu, nikamwamkia mama, akaanza kunitajia cha kuandika: anakusalimu babu yako, anakusalimu shangazi wa Ilongero, anakusalimu jirani wa kisimani. Nusu ukurasa ikaisha bila habari hata moja. Nikamwambia aseme jambo lenyewe, maana baba wa kijana alikuwa amefariki mwezi uliopita, na mimi nilikuwepo msibani.

"Mwalimu, andika ninavyosema," alinijibu. "Sitamdanganya, na sitamwambia. Huko aliko hana wa kumshika akilia."

Nilikasirika, nakiri. Niliona napewa kalamu ya kufichia msiba. Lakini barua ilikuwa yake. Nikabana mwandiko, nikaandika wajomba wote, hata fundi baiskeli. Baba, ambaye kwetu salamu zake hutangulia za wengine, hakutajwa popote. Nikapanda bodaboda hadi Singida mjini, mvua ikininyeshea, fomu nimeifunga kwenye nailoni kifuani. Nilishaapa moyoni kwamba itafika.

Jibu lilichukua miezi mitano. Mama hajui kusoma, hivyo nilimsomea uani akipepeta uwele. Kijana alikuwa amerudisha salamu kwa kila mtu, mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule. Mwishoni aliandika: "Mama, baba hakunisalimu. Nimeshalia. Kaburi msilijengee mpaka nirudi."

Mama aliweka ungo chini, akalia kwa muda mrefu, nami nikalia naye. Alipomaliza alijifuta uso kwa khanga, akaniuliza kama nimekuja na fomu nyingine.