Hasi Mara Tatu

Mtaani walimwita Mama Karatasi. Alikuwa mshona sare za shule, na ingawa mwenyewe aliishia darasa la saba, barua yoyote iliyomtisha jirani ililetwa kwenye cherehani yake aisome.

Basi mdogo wake alipokatwa kinyama cha uvimbe kwenye titi kikapimwe maabara, bahasha ya majibu akaifungua yeye. Mengi hayakumwingia, ila mistari mitatu ilisomeka vizuri: hasi, hasi, hasi. Akapiga kigelegele. Tangu lini hasi ikawa mbaya? Kwenye kipimo cha ukimwi watu huliombea dua neno hilo.

"Umesalimika, mdogo wangu! Tena mara tatu!"

Hospitali walipopiga simu, akasema, "Usipokee. Hao wamezoea kusumbua watu."

Baada ya wiki sita uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa limau. Mama Karatasi akaikunja ile karatasi, akaenda kliniki peke yake, kimyakimya.

"Mgonjwa yuko wapi?" muuguzi aliuliza. "Tumepiga simu mpaka tumechoka."

"Si ni hasi?"

"Mama, hasi hapa maana yake uvimbe hauna ile milango mitatu ambayo dawa tulizozoea hupitia. Maabara wakapima na jeni zake, zipi zinachapa kazi na zipi zimelala. Ndivyo wanavyojua saratani ni ya kundi gani. Hii ni ya kundi lenye haraka. Angeanza dripu za dawa ya saratani mwezi uliopita. Nani kamwambia amepona?"

Mama Karatasi akainamia viatu vyake. "Majirani tu," akasema. "Unawajua watu."

Alimkuta mdogo wake uani akifua mashuka.

"Wanakutaka kesho, saa mbili asubuhi. Ugonjwa bado upo. Walikosea majibu."

"Wajinga hao!" Mdogo mtu alitupa shuka kwenye beseni. "Wanacheza na roho za watu! Nitamtukana huyo muuguzi mpaka ajute kuzaliwa!"

Mama Karatasi alihisi uso unawaka.

"Usimtukane. Hawakukosea. Ni mimi nilisoma vibaya."

Povu likapasuka kwenye beseni.

"Na simu uliniambia nisipokee."

"Nilikuambia."

"Dada, si ungeuliza tu?"

"Niliona aibu kuuliza. Mtaa mzima unaniletea mimi karatasi."

Mdogo mtu akaliokota shuka, akalikamua taratibu kwa mkono ulio upande mzima.

"Kesho nitakwenda na binti yangu. Yeye asipojua huuliza."

"Nami je?"

"Wewe baki na cherehani yako."

"Haya," akasema Mama Karatasi, akabaki amesimama, mikono hajui aiweke wapi.