Redio Iliyovaa Sweta

Juzi nilimkuta mjukuu wangu ameanika betri za rimoti dirishani, nikacheka peke yangu. Nilikumbuka mchana mmoja kwetu Lupepo, enzi za vijiji vya ujamaa, mvua ikipiga migomba kama kawaida yake.

Baba alikuwa amelazwa hospitali Dar es Salaam. Habari zake tulizipata kwenye kipindi cha salamu za wagonjwa, na mchana ule redio ilikuwa inakoroma tu. Wenzetu wa kwingine wangeanika betri juani, lakini sisi jua tulikuwa tunalisikia tu. Mama akazitoa, akazipanga kando ya mafiga, akawa anazigeuza taratibu kama ndizi za kuchoma. Jiko zima lilinuka moshi na lami ya betri.

Mimi nilidhani redio inasikia baridi.

"Mama, na Baba huko anatetemeka?"

"Ngoja kwanza mwanangu, tutasikia."

Akazirudisha zikiwa bado za moto. Sauti ikaja, nyembamba, ikataja jina la Baba: anamsalimu mkewe na watoto, anaendelea vizuri. Kisha ikafifia, ikazima.

"Ndaga fijo," Mama akaiambia redio. Asante sana. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, nami nikalaumu moshi.

Nikavua sweta langu, nikaivalisha redio.

Leo najua betri zilikuwa zimekwisha, na Dar es Salaam hakuna baridi. Mama aliyajua yote hayo siku ile ile, lakini hakunicheka wala hakuivua. Baba aliporudi nyumbani, aliikuta redio bado imevaa sweta.