Makohozi ya Kuazima

Nyinyi mnaojua kila kitu, niambieni: mtu aliyepona kifua kikuu atayatoa wapi makohozi?

Mwaka wa sitini na moja, Mwidani wa Likoni alikuwa amemaliza mwaka na nusu wa sindano na vidonge. Kilibaki kipimo cha mwisho. Mkewe Mwanasaumu alikuwa kwao Mtongwe na mtoto, na mkwewe alishasema: bila karatasi ya zahanati, binti harudi. Basi Mwidani akapewa kikebe zahanati apeleke makohozi ya alfajiri. Akakohoa mpaka mbavu zikamuuma; kifua kikavu kama kifuu. Akaingiwa na hofu: nikipeleka kitupu, watasema nakikimbia kipimo.

Ami yake Bakari, mchukuzi wa magunia bandarini, akamcheka. "Lete hapa, mwanangu. Mimi tangu wakati wa vita sijalazwa hata siku moja." Akakohoa mara moja tu, kikebe kikapata chake. "Hayo makohozi ya dume. Wapelekee."

Siku ya majibu, Nicanor, dresa wa zahanati, hakumtazama usoni. "Keti, bwana. Vijidudu vimo, tena vingi. Tunaanza upya."

Mwidani akapiga hesabu. Akinyamaza, mtoto atamsahau. Akisema, atamvua nguo ami yake, mtu asiyekiri hata mafua. Dresa alikuwa keshachovya kalamu.

"Si yangu," Mwidani akasema.

"Nini si yako?"

"Makohozi. Niliazima."

Nicanor akaweka kalamu chini. "Nyinyi watu wa pwani mnaazimana chumvi, mnaazimana kanzu. Sasa na haya?" Kisha uso ukambadilika. "Ya nani?"

"Nipime mimi kwanza."

Kesho yake, kabla hajanywa hata maji, wakampitishia mpira kooni hadi tumboni, wakavuta makohozi aliyoyameza usingizini. Siku tatu Mwidani hakupata usingizi. Ya nne, Nicanor akamwonyesha karatasi: hakuna kitu, amepona. Lakini hakuiachia.

"Jina."

"Ami yangu, Bakari. Nitamleta mwenyewe, leo hii."

Nicanor akaiachia karatasi, Mwidani akaitia mfukoni. Njia ya Mtongwe ilikuwa kushoto. Yeye akashika ya kulia.

Akamkuta Bakari barazani na wajukuu wanne, wote mikono ndani ya sinia moja la wali.

"Karibu, dume. Nawa uje ule."

Mwidani hakuketi. "Ami, ondoa mkono kwenye sinia."

Bakari akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akaona Mwidani hacheki. Akauondoa.