Ndiyo Niliyoisema Uyole

Dada yangu mkubwa aliniuliza mbele ya ukoo, sebuleni kwake Uyole, kama yule binti aliyekaa mkekani karibu na mke wangu ni mtoto wangu. Nikajibu ndiyo. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema, "Hapana, dada, huyu ni mpangaji wangu, na ada yake nitaitafuta mwenyewe." Mpaka leo natamani ningesema hivyo.

Binti alikuja kwetu Iringa akitokea Karonga, ng'ambo ya mpaka, kusomea ualimu wa sayansi. Uani tuna vyumba tunavyopangisha wanafunzi. Mimi ni Mnyakyusa niliyekuja Iringa kikazi nikiwa kijana, nikastaafu nikabaki. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, wa kiume, naye amekua akisikia Kihehe barabarani na Kinyakyusa jikoni. Asubuhi yake ya kwanza binti alitoka na ndoo, akatukuta mlangoni, akapiga goti. "Mugonile," akasema, salamu ya kwetu ya asubuhi. Mke wangu aliacha chai ikafurika jikoni. Watu wa Karonga na sisi lugha yetu ni karibu moja, tumetenganishwa na mto tu. Ila yeye aliona tunaiharibu.

"Baba, huku mmechanganya mno," alisema. "Sentensi inaanzia Tukuyu inaishia Dodoma."

Kabla ya muhula kwisha alikuwa anakula mezani kwetu. Jioni tulisikiliza taarifa ya habari, mimi na yeye, tukibishana. Miwani yangu ilikuwa imevunjika mkono nikaifunga kwa uzi. Aliitazama wiki nzima, kisha akasema, "Baba, hiyo siyo miwani. Huo ni mzigo umefungwa tayari kwa safari."

"Mwambie," mke wangu akadakia. "Mimi nimesema mpaka nimechoka."

Kesho yake nilikwenda kununua nyingine. Mke wangu hajasahau kwamba yeye aliomba mwaka mzima.

Mwanetu alikuwa fundi umeme Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Zamani alikuja mwisho wa mwezi. Binti alipozoea nyumba, kijana akawa anakuja kila Jumamosi na mfuko wa maparachichi, akisema amekuja kutazama lile bomba la uani linalovuja. Bomba lile halikuwa bovu kiasi hicho. Alilifungua, akalifunga, na binti akimshikia spana na kumcheka.

"Fundi gani huyu, maji yanazidi?"

"Wewe mwalimu wa sayansi, nieleze basi kwa nini maji yanazidi."

"Kwa sababu fundi haangalii bomba."

Niliyasikia hayo nikiwa dirishani. Nilicheka peke yangu, nikarudi kwenye redio.

Wazazi wa binti walikwisha fariki, na ada yake ilikuwa inalipwa na mjomba wake aliyeko Afrika Kusini. Mwanzoni mwa mwaka wa pili mjomba alipoteza kazi, halafu akaugua, na pesa zikakatika. Ada ya mwanafunzi wa nje ni kubwa kuliko ya wenyeji, na inahesabiwa kwa dola. Mkopo wa serikali yetu haumhusu mtu wa nje. Chuoni walimwambia kwa upole kwamba asiyelipa hafanyi mtihani. Hakulia mbele yetu. Tulijua tu kwa sababu alianza kugawa sufuria zake kwa wapangaji wenzake.

Sasa niseme ukweli. Mimi nilikuwa na miti. Nje kidogo ya Mafinga nina shamba la misonobari niliyoipanda nilipostaafu, kama wafanyavyo wengi huku, miti ndiyo benki yetu. Ilikuwa bado michanga, lakini wanunuzi wa nguzo na mbao ndogo walikuwapo. Mke wangu alisema, "Kata miti, binti asome." Nikamjibu kwamba miti ikikatwa mapema ni hasara, tungoje. Ada haikuwa na kungoja.

Ndipo dada yangu akapiga simu. Ukoo wetu una mfuko wa elimu. Kila nyumba inachanga baada ya mavuno, anayelima mpunga Igawa analeta cha mpunga, anayelima viazi Uyole analeta cha viazi. Lakini mfuko ni wa watoto wa ukoo, si wa wapangaji. "Mdogo wangu," akasema, "unalalamika bure. Huna binti. Huyu anakuita baba na anaongea lugha yetu. Mlete hapa tumpokee, awe mtoto kweli, tumsomeshe."

Mke wangu aliposikia aliweka ungo chini. "Mwulize kwanza mwanao," akasema.

"Nimwulize nini?"

"Wewe huoni anavyopiga pasi shati la kutengenezea bomba?"

Nilimwambia aache utani. Sikumwuliza kijana. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Kwa mila zetu mke wa mwanao anakaa mbali nawe. Siku hizi vijana wamelegeza, ila dada yangu na wazee wenzake hawajalegeza hata kidogo: mkwe hali meza moja na baba mkwe, hamtazami usoni, akikutana naye njiani anapisha. Nilifikiri, akiwa mkwe, nani atabishana nami kuhusu habari? Akiwa binti, atakaa pale pale kwenye kiti chake. Nilimpenda, nami nikachagua namna ya kumpenda iliyonifaa mimi.

Tulipanda basi kwenda Mbeya, mimi, mke wangu na yeye. Kijana alikuwa zamu kazini. Baada ya Makambako binti aliniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, hakuna njia nyingine?"

Nilidhani anaona aibu kusaidiwa. Au nilijitia kudhani. "Hakuna, mwanangu," nikasema. Nje ya dirisha miti ya watu ilikuwa inapita.

Uyole walipika ndizi na nyama, mchungaji akaomba. Dada akauliza swali lake, mimi nikajibu. Kisha binti akanyweshwa togwa katika kikombe kimoja na watoto wa ukoo, akapewa jina la marehemu mama yetu. Wajomba walipiga vigelegele kuliko wanawake. Akaja kunipigia goti, akasema, "Ndaga, tata," asante baba, na nikafurahi kama mtu aliyezaa uzeeni.

Ukoo ulitimiza. Ada ililipwa yote kwa miaka miwili, bila kusumbuliwa. Bomba lilivuja Jumamosi nyingi, kijana akisema kazi zimezidi. Binti akawa anakula akiwahi kuondoka mezani.

Siku ya mahafali yake kijana alikuja, amevaa vizuri, akapiga naye picha katikati yetu. Jioni binti alipokuwa jikoni na mke wangu, kijana akaniketisha uani.

"Mzee, nilitaka kumwoa. Tulikwisha kuelewana kabla hamjaenda Uyole. Nilikuwa nangoja amalize ndipo niseme."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Usiku huo huo nilimpigia dada yangu. Nilimwambia nitakata miti yote, nitarudisha kila walichochanga. "Pesa tutapokea, tuna watoto wengine," akasema. "Lakini mtoto huyu amekunywa kikombe kimoja na kaka zake. Umesimama mbele yetu, ukasema ni wako. Nani atakwenda kuomba mahari, na kwa baba yupi? Kwako? Utajipelekea ng'ombe mwenyewe?"

Nilimwita binti. Nilimwambia, kama anataka, tutaachana na ukoo, tutatafuta mchungaji mwingine awafungishe ndoa. Alitikisa kichwa. "Baba, wamenisomesha. Nikiwafanyia hivyo, mtoto mwingine wa nje nani atampokea?" Akanirekebishia miwani puani, akaenda kufunga begi.

Sasa anafundisha fizikia Karonga, ameolewa, ana mtoto. Hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, tunabishana habari za nchi mbili. Nafurahi mno simu ikiita. Mwaka jana miti ilikomaa nikaiuza kwa bei nzuri. Nimeezeka upya, nimebadilisha na lile bomba, fundi wa mtaani alilimaliza kwa muda mfupi tu.

Mwanetu hajaoa. Alihama Mgololo akaenda migodini kaskazini, hutuma pesa kwa mama yake, na hajakanyaga hapa tangu mahafali yale. Nilimnyima mke aliyempenda ili nisikate miti na nisipoteze mtu wa kukaa naye jioni. Nimempoteza yeye, na huyo wa jioni naye yuko ng'ambo ya mto.