Breki ya Vidole Vifupi

Fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu Ruashi akichoma mpira, mimi huvuka barabara. Harufu hiyo ni ya jioni ile Papa alipotia ndani ya moto wa makala, yaani makaa, mkono wa breki ya baiskeli yake kuukuu, breki pekee iliyobaki. Aliupinda ukaribie usukani, akauzungushia mpira ili usiniumize, maana vidole vyangu vilikuwa vifupi na nilikuwa nimelia wiki nzima anifundishe kuendesha.

Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha.

"Kamata, mutoto yangu. Inakufikia sasa?"

Nilikamata. Mkono wa breki, vuguvugu bado, ulikuja mpaka ukagusa usukani. Gurudumu liliendelea kuzunguka.

"Iko muzuri, Papa," nilisema, nikiogopa asije akaunyoosha tena.

Mama aliacha kupepeta mchele. "Na kesho utashuka nayo mulima, na magunia ya makala?"

"Frein ni frein, breki ni breki," Papa alijibu, akicheka.

Asubuhi alielekea Annexe, nje ya mji, kuchukua magunia yake. Kwenye kona aligeuka, akanipungia mkono kwa mara ya mwisho. Nami nilimpungia, bila kumwambia kwamba gurudumu halikusimama.