Mkono Nilioutii Gatini

Siku yangu ya kwanza gatini nilivaa ovaroli iliyopigwa pasi, na kwapani nilikuwa na stashahada ya mitambo ya kunyanyulia mizigo, niliyoitafuta Ujerumani kwa jasho langu mwenyewe. Mkuu wa Gati, Mzee Shee wa Kibokoni, aliitazama, akanirudishia. "Mashallah, mwanangu. Sasa panda juu ya kreni tuone."

Nilipanda, wakaona. Ninyi vijana mnaoendesha kreni kwa kutazama kioo cha kamera hamuijui kazi ile. Mzigo ukishazama ndani ya ngama, yaani tumbo la meli, dereva hauoni tena. Humtazama mtu mmoja tu aliyesimama ukingoni akiona ndani, mpiga ishara. Kidole kikielekea chini, teremsha. Ngumi ikifumbwa, simama hapo hapo, hata nahodha akikulilia. Mpiga ishara wangu alikuwa Mwakio, Mtaita tuliyesali naye kanisa moja Tononoka. Shule aliiacha mapema. Kwayani aliimba besi, tena vibaya.

Nafasi ya msimamizi wa zamu ilipotokea, sikuwa na shaka. Nikashonesha suti Mji wa Kale. Nafasi akapewa Mwakio.

Nilimwendea Mzee Shee. "Mzee, gati hili zima, nani mwingine aliyesoma ng'ambo?"

"Hakuna. Na hujatupa nafasi ya kusahau."

"Basi kwa nini Mwakio?"

"Nikikuteremsha wewe, kule juu nimweke nani? Nimemwomba Mungu anionyeshe mtu, akanionyesha huyo. Kama una kesi, mwanangu, ipeleke kwa Mungu mwenyewe."

Niliipeleka. Jumapili ile mchungaji alihubiri kwamba Mungu ni Mwenye Enzi, humwinua amtakaye bila kuomba ushauri wa mtu, na waumini wote wakageuka kumtazama Mwakio kwa furaha. Mimi niliomba hivi: Bwana, vyeti vyangu umeviona kweli?

Asubuhi moja ya mvua tulikuwa tukipakia mabomba ya chuma melini. Mpiga ishara mpya alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Mwakio akasimama ukingoni mwenyewe, na koti lake la usimamizi. Mabomba yalipozama ndani ya ngama, akafumba ngumi. Nikangoja. Afisa wa meli akapiga kelele niteremshe. Ngumi bado. Nikasema moyoni, huyu anajionyesha mbele ya wageni. Mkono wangu ulikuwa kwenye wenzo, na nilitamani kuteremsha nimwaibishe. Lakini sheria ya kreni ni sheria. Nikashikilia.

Kisha kuli mmoja akachomoza ngazini kutoka ngamani, kofia mkononi. Alikuwa ameirudia chini ya mabomba yangu.

Sasa nimestaafu, na sitawadanganya: gati lile halijapata dereva bora kuliko mimi, na nafasi ile ya msimamizi ilinifaa. Lakini kama ningedai maelezo kabla ya kutii asubuhi ile, kuli yule angekufa nikiwa bado nauliza. Mungu naye yuko ukingoni, anaona ndani nisikoona. Hilo naliamini. Ni watu anaowachagua tu ndio wanaonitatiza.

Mwakio siku hizi ni mzee wa kanisa, nani mwingine? Kila Jumapili huinua mkono ule ule kutusimamisha tuimbe. Suti yake inampwaya. Mimi huwa wa mwisho kusimama. Lakini husimama.