Neno Nililomjibu Mama Ileana

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka huweka chini nilichoshika. Ilikuwa alasiri ya kiangazi huko Gitega, jua jeupe, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nikijiona nimeshajua mengi. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia hapo uani, simu yako ikikufundisha, unarudia "bună ziua, bună ziua" huku ukicheka, nami nimeambiwa viza yako ya Rumania imetoka. Mimi pia niliianza safari hiyo kwa salamu hizo hizo. Sogea basi.

Sisi ni watu wa Muyinga, unajua. Baba yangu alikuwa fundi cherehani sokoni. Nilipopata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi Rumania, baba alisema mtu haingii nyumba ya watu kabla hajajua kupiga hodi. Akanipeleka Gitega kwa shangazi yangu Mwajuma, ili kila alasiri niende mtaa wa Mushasha kusoma Kirumania kwa Mwalimu Gaspari.

Mzee huyo alisomea kilimo huko Rumania ujanani, akarudi na mke wa huko, Mama Ileana. Nilipofika, mama huyo alikuwa amefariki miaka minne nyuma, amezikwa Ryansoro, kwenye kilima cha kina mumewe. Hawakujaliwa mtoto. Picha zake zilikuwa chache, na sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu, aliyojirekodi mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi wa mumewe.

Tulianza na herufi, thelathini na moja. Nyingi ni hizi hizi zetu. Ile s yenye kijimkia ni sh ya shamba. Ile t yenye kijimkia ni ts, na sisi tunaojua Kirundi haitusumbui, maana tunasema gutsinda, yaani kushinda, toka utotoni. C ikifuatwa na e au i inakuwa ch ya chai. Lakini ipo a yenye kofia, inayotoka nyuma ya koo kama mguno wa mtu aliyebeba mzigo, na hiyo ilinitoa jasho. Na ipo i ya mwisho wa neno, kama kwenye "ce mai faceți", yaani habari yako kwa heshima.

"Hii i haisemwi, binti," Mwalimu aliniambia. "Inapumuliwa tu. Ni kama mtu iko nyuma ya mlango, hataki ujue iko pale."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tukimaliza herufi, alikuwa anaiwasha redio ya kaseti iliyokaa juu ya meza, karibu na dirisha. Sauti ya Mama Ileana ilikuwa nyembamba, ya upole. "Bună ziua," alikuwa akisema, kisha kimya, kimya cha kutosha mtu kujibu. "Ce mai faceți?" Kimya tena. Nami najibu, "Mulțumesc, bine," asante, ni mzima. Mwisho kabisa alisema "La revedere," kwaheri ya kuonana, na mwanafunzi anarudisha neno hilo hilo. Mara nyingine nilikuwa nikimtupia jicho Mwalimu, nikaona midomo yake pia inajibu, bila sauti.

Alikuwa na sharti moja. "Ukimwanzisha, usimkatishe. Na usimwache bila jibu. Salamu haiachwi hewani."

Haya, mwanangu. Siku hiyo ninayokwambia, Mwalimu alikwenda Ryansoro kumwona ndugu yake mgonjwa. Aliniachia ufunguo nisome mwenyewe. Nilifika saa tisa. Mtaa wote ulikuwa kimya, wanafunzi wako madarasani, na ndani ya ile nyumba hata nzi sikumsikia. Nikakaa, nikabonyeza redio kwa haraka, macho yangu yako kwenye kamusi.

Mama Ileana akaanza. Nikajibu. Akauliza, nikajibu. Nilihisi siku hiyo sauti yake iko karibu zaidi, haina ule mkwaruzo wa kaseti niliouzoea, lakini nikadhani ni kwa sababu ya utulivu wa nyumba. Mchana ule nilikuwa nimeona kwenye kamusi neno "adio". Nalo ni kwaheri, ila ya wasiotarajia kuonana tena. Wafaransa wanalo linalofanana nalo, na Kifaransa tulisoma shuleni, kwa hiyo siwezi kukwambia sikulijua uzito wake. Nililijua. Lilinifurahisha tu mdomoni, kama pipi.

Basi aliposema "La revedere," nikajibu kwa kejeli, nikipunga na mkono, "Adio!"

Nikasikia pumzi. Moja tu, fupi, ya mtu anayetaka kusema akajizuia. Kisha kitufe cha redio kikaruka chenyewe juu, ta! Kaseti ilikuwa imefika mwisho. Nikafunga kitabu, nikafunga mlango, nikaenda kwa shangazi nikitembea haraka kuliko kawaida, wala sikujiuliza kwa nini.

Siku ya pili Mwalimu alikuwa amerudi. Aliketi mbele ya redio, uso wake umejaa vumbi la safari.

"Jana uligusa kaseti?"

Mwanangu, ulimi hauna mfupa. "Hapana, Mwalimu. Jana sikuja, kichwa kiliniuma."

Akairudisha kaseti mwanzo, akabonyeza.

Mkwaruzo. Halafu ikatoka sauti, nayo haikuwa ya Mama Ileana. Ilikuwa yangu. "Bună ziua," nilijisikia nikisema. Kimya kirefu. "Mulțumesc, bine." Kimya. Kumbe jana, kwa haraka zangu, nilibonyeza na kitufe chekundu cha kurekodi. Kila alichokuwa amekisema yule mama kilikuwa kimefutika, yamebaki majibu yangu peke yake, moja moja, kama mtu anayezungumza na ukuta. Na mwisho, kwa kicheko changu, "Adio!"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni.

Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa maneno machache ya Kirumania niliyokuwa nayo. Hakuniinua, hakunifukuza. Aliigeukia redio. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, akichanganya na Kifaransa kama kawaida yake, "Zuhura. Mashine ikirekodi, haisemi. Iko hivyo. Inasikiliza tu. Donc jana, we ulikuwa unamjibu nani?"

 Sikuwa nimeliwaza hilo.

"Nilimsikia, Mwalimu," nikasema. "Wallahi nilimsikia. Salamu zote, mpaka ya mwisho."

"Sauti yake ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa karibu."

Mzee akafunika uso kwa viganja. Alilia kama wanavyolia wazee, mabega tu. Mimi nilibaki pale sakafuni, mgongo wangu umeelekea ile nafasi kati ya meza na dirisha, wala sikuthubutu kugeuka.

Alipotulia, ndipo alipotoa neno ambalo nimeishi nalo. "Mi silii kaseti. Kaseti ni plastiki, siku moja ingeoza. Kosa la kidole, mi nimekusamehe. Lakini we ulinitazama machoni, ukasema hukuja. Na yule mama alikuaga vizuri, we ukamfungia mlango kwa mchezo. Hayo mawili hayakufanywa na kidole."

Jumapili alinipeleka Ryansoro. Tulipanda kilima tukipita migomba na maharage, hadi kwenye kaburi lililozungushiwa mawe. Panzi walikuwa wakilia kila upande. Akaniambia nimsalimie kama nilivyofundishwa, toka mwanzo. Nikasema, "Bună ziua, Mama Ileana."

Panzi wakanyamaza. Wote.

Wakanyamaza kwa muda wa mtu kujibu, kisha wakaendelea. Nikamwangalia Mwalimu, akanipa ishara niendelee. "Ce mai faceți?" Wakanyamaza tena. Sikukimbia. Nikasema "Iertați-mă," yaani nisamehe, na kimya cha hapo kilikuwa kirefu kuliko vyote, hata nikaanza kutokwa na machozi. Hatimaye nikasema "La revedere," polepole, kila herufi mahali pake. Safari hii panzi hawakunyamaza. Upepo mdogo ukapita shingoni mwangu, wa vuguvugu, nao ukaisha.

"Bon," Mwalimu akasema. "Sasa unaweza kusafiri."

Hatukuizungumza tena. Alinifundisha kwa mdomo wake mwenyewe miezi miwili iliyobaki, nami nikaenda, nikasoma miaka yangu, nikarudi muuguzi. Yeye nilimkuta hai, amezeeka mno, na ndiye mtu wa mwisho kunisahihisha matamshi maishani mwangu. Watu wameniuliza mara nyingi kama si upepo tu, kama si panzi tu, kama si masikio ya msichana aliye peke yake. Sijui. Mimi ni mtu wa hospitali, sipendi kusema nisilolijua. Najua nilichosikia.

Basi shika haya, mwanangu. Lugha ya watu ingia nayo kwa adabu, ujifunze kumsalimia mkubwa kabla ya kujifunza utani. Neno usilokusudia usilitamke hata kama unadhani hakuna anayesikia. Ukikosea, nawe utakosea sana huko, sema siku hiyo hiyo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kosa lililosemwa mapema hupata wa kulisamehe. Na mtu akikuaga kwa kutaka kukuona tena, mpe jibu la kutaka kumwona tena.

Mungu akulainishie ulimi, akupe majirani wema na kazi isiyokuvunja mgongo. Baridi ya huko isiufikie moyo wako. Utokako wakuombee, uendako wakupokee, na mama yako akupokee tena kwa mikono yake mwenyewe ukiwa mzima. Amina.